Goti la moto lisilo na homa: jibu kwa muuguzi wa wodini

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, nina mwaka wa pili tangu nimalize chuo, nipo wodi ya watu wazima. Kila wiki tunalaza wagonjwa wanaolalamika viungo, na karibu wote faili limeandikwa 'baridi yabisi'. Wanachomwa diklofenaki ya kutuliza maumivu, wanaambiwa wapumzike, nami nawawekea mto chini ya goti wapate nafuu. Juzi mzee mmoja mwenye kisukari goti lilimvimba ghafla, likawa la moto. Homa hakuwa nayo. Kipimo cha asidi ya yuriki kikarudi cha kawaida, tukasema basi si gauti, ni baridi yabisi ile ile. Siku mbili baadaye alipelekwa mbiombio chumba cha upasuaji, goti limejaa usaha. Tangu hapo najiuliza nilipaswa kuona nini. Mimi si daktari, dawa siandiki. Muuguzi anayatofautishaje magonjwa haya? Na kupumzika ni tiba au tunawaumiza?"

Pole, mwenzangu. Umeniuliza mambo mawili kwa pamoja. Kuna la dharura: goti lile lilikuwa linaonyesha nini mlipolitazama siku ya kwanza? Na kuna la kila siku, yaani hao wagonjwa wote wa viungo wanaotibiwa kwa jina moja, sindano moja na amri moja ya kulala. Naanza na la dharura, kwa kuwa ndilo linalogharimu mguu, na wakati mwingine maisha.

Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye joto, ambacho mgonjwa hakubali ukikunje hata kidogo, kichukulie kuwa kina maambukizi ya bakteria mpaka majimaji yake yachunguzwe na kuonyesha vinginevyo. Kanuni hii haingoji homa. Takriban nusu ya watu wazima wenye usaha kwenye kiungo hawana homa wanapofika, na wazee, wenye kisukari na wanaotumia steroidi, dawa zinazopunguza uvimbe na kinga ya mwili, ndio hasa ambao mwili wao haupandishi joto. Ongeza diklofenaki, ambayo nayo hushusha homa, na kipimajoto chako kitasoma nyuzi 36.8 huku bakteria wanaendelea na kazi. Goti ndilo linaloshambuliwa zaidi, karibu nusu ya visa vyote vya watu wazima.

Kwa nini haraka kiasi hicho? Ndani ya kiungo hakuna njia ya usaha kutoka. Shinikizo linapanda, na vimeng'enya vinavyotolewa na chembe nyeupe za damu, vilivyokusudiwa kuua bakteria, vinayeyusha pia gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Gegedu halina mishipa yake ya damu, kwa hiyo likishaharibika halijengeki upya kama ngozi au mfupa. Siku chache tu zinatosha kumwachia mtu goti lisilokunjika maisha yake yote.

Sasa hiyo asidi ya yuriki, ambayo ikiganda kuwa fuwele ndani ya kiungo ndiyo huleta gauti. Kipimo cha kawaida wakati wa shambulio hakiondoi gauti. Mwili unapowaka kwa uvimbe, figo humwaga asidi hiyo kwa wingi zaidi na kiwango chake kwenye damu hushuka, ndiyo maana kipimo cha maana hurudiwa wiki mbili hadi nne baada ya shambulio kutulia. Na kinyume chake ni kweli: wapo watu wengi wenye asidi ya juu ambao hawajawahi kuugua gauti. Kuna mtego mwingine ambao hata madaktari huuingia. Mgonjwa mwenye gauti iliyothibitishwa anaweza kupata bakteria kwenye kiungo kile kile, kwa hiyo fuwele zikionekana kwenye darubini, bado majimaji yanapaswa kuoteshwa maabara kutafuta bakteria.

Kinachotoa jibu ni sindano ya kuvuta majimaji ya kiungo, ivutwe kabla ya antibayotiki ya kwanza kila inapowezekana, isipokuwa mgonjwa ameshaanza kuzidiwa na maambukizi mwili mzima, huyo hasubirishwi. Kuvuta si kazi yako, lakini kuifanya ifanyike ni kazi yako kabisa. Usiripoti "mgonjwa analalamika goti". Sema hivi: "Daktari, mgonjwa wa kitanda cha sita ana kisukari, goti la kulia limevimba tangu jana jioni, ni la moto, hawezi kulikunja wala kulikanyagia. Joto la mwili ni la kawaida, lakini alichomwa diklofenaki saa nne zilizopita. Naomba uje umtazame sasa, huenda akahitaji kuvutwa majimaji kabla ya antibayotiki." Sentensi hizo zinamwamsha daktari wa zamu kuliko neno "maumivu" lililorudiwa mara kumi. Wakati unamngoja, pima sukari, muulize daktari kama mgonjwa azuiwe kula iwapo ataenda upasuaji, mwache mguu katika mkao anaoustahimili, na usikubali ndugu wamkande kwa maji ya moto au kumchua.

Kwa hiyo swali lako la ulipaswa kuona nini, jibu lake ni ghafla, kiungo kimoja, joto, na kukataa kukunjwa. Matatu ya kwanza uliyaona, umeyaandika mwenyewe hapo juu; la nne hukulitaja. Mlichokosa ni mtu wa kusema kwamba kukosekana kwa homa na asidi ya kawaida haviyafuti.

Tuje kwenye yale ya kila siku. Hapa muuguzi ana faida ambayo daktari hana, kwa sababu wewe unamwona mgonjwa saa kumi na mbili asubuhi anapojaribu kuinuka kitandani. Daktari akipita saa nne, viungo vimeshalegea na ushahidi umeondoka. Mwulize mgonjwa: ukiamka, ukakamavu unachukua muda gani kuisha? Na ukitembeatembea maumivu yanapungua au yanazidi?

Mwenye ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, osteoathritisi, atakwambia anakakamaa dakika chache, kwa kawaida hazifiki 30, halafu kadiri siku inavyokwenda na kazi zinavyoongezeka ndivyo anavyoumia, na akikaa anapata nafuu. Ni magoti, nyonga, uti wa mgongo, shina la dole gumba, na vile vifundo vya mwisho karibu na kucha vinavyoota vinundu vigumu. Baridi yabisi yenyewe, ile inayotokana na kinga ya mwili kushambulia utando wa ndani wa viungo, ina sura nyingine. Ukakamavu unazidi saa moja, mgonjwa hawezi kufunga kifungo cha shati asubuhi, na kutembea kunampunguzia. Inapenda vifundo vya mikono na maungio ya vidole yaliyo karibu na kiganja, kulia na kushoto kwa pamoja, na vifundo vya mwisho vya vidole kwa kawaida huviacha. Ukivibonyeza vinabonyea kama vina maji, tofauti na ugumu wa mfupa wa osteoathritisi. Inawapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na huja na uchovu ambao mgonjwa mara nyingi anaona aibu kuutaja.

Usitulizwe na kipimo cha damu hapa pia. Kile cha rumatoidi faktari, kingamwili inayotafutwa kwa wenye baridi yabisi, hutoka hasi kwa mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano wa kweli, na hutoka chanya kwa watu wenye homa ya ini aina ya C, kifua kikuu, au umri mkubwa tu. Picha ya eksirei nayo ina udanganyifu wake: goti linaloonekana limechakaa vibaya linaweza kuwa la mtu anayelima kutwa bila kulalamika, na mwenye picha nzuri akawa ndiye anayelia usiku. Mtibu aliye mbele yako.

Kwa nini kuchosha akili kutofautisha ilhali wote mwisho wanapewa kituliza maumivu? Kwa sababu baridi yabisi inakula mfupa kimyakimya, na uharibifu mwingi hutokea mapema. Dawa zinazozuia ugonjwa wenyewe, methotreksati ikiwa ya mbele, zinapaswa kuanza ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Mama wa miaka 40 anayechomwa diklofenaki kwa miaka miwili anapunguziwa kilio huku vidole vinapinda. Ukiona viungo vidogo vya mikono vimevimba zaidi ya wiki sita na ukakamavu wa asubuhi wa saa nzima, ndiye wa kupelekwa kwa mtaalamu wa viungo, hata kama vipimo ni safi.

Gauti haina fumbo kubwa ukijua tabia yake. Huanza usiku au alfajiri, hufika kileleni ndani ya saa 24, na mara nyingi shambulio la kwanza ni shina la kidole gumba cha mguu. Shuka likigusa tu, mtu anapiga kelele. Wodini huchochewa na upasuaji, kukosa maji, na dawa za kukojosha. Anayetumia tayari alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, asiachishwe wakati wa shambulio. Kuiacha na kuirudia hupandisha na kushusha kiwango cha asidi, na hilo lenyewe huamsha shambulio jingine.

Na kupumzika? Kwa kiungo chenye usaha au gauti inayowaka, ndiyo, siku moja mbili za kukituliza ni sawa. Kwa waliobaki, kitanda ni adui. Gegedu linakula kwa kukamuliwa: ukikanyaga linatoa maji yaliyotumika, ukiinua mguu linanyonya ute mpya wenye chakula, kama sifongo. Kiungo kisichobebeshwa uzito kinakaa na njaa. Misuli nayo haina subira. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani kwa siku 10 tu walipoteza takriban kilo moja ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wazima. Sasa fikiria mgonjwa wako mwenye maumivu na hamu ndogo ya kula. Paja likilegea goti linakosa mshikaji, linauma zaidi, mtu anazidi kulala, na mnazunguka hapo hapo.

Kuhusu huo mto chini ya goti, nakuomba uuache, ingawa najua mgonjwa atakushukuru ukiuweka. Goti lililojaa maji huwa na shinikizo dogo zaidi likiwa limekunjwa kidogo, ndiyo maana mto unaleta raha ya papo kwa papo. Lakini misuli ya nyuma ya paja na mfuko wa kiungo upande wa nyuma vinajifunza ufupi huo, na baada ya wiki chache goti halinyooki tena. Mtu asiyeweza kunyoosha goti hutembea kwa kuchechemea na kuchoka upesi, na kulirudisha ni kazi ya miezi. Tegemeza chini ya muundi badala yake, kisigino kikiwa hewani kisipate kidonda, goti likijinyoosha lenyewe kwa uzito wake. Atanung'unika. Mpe dawa ya maumivu nusu saa kabla, umweleze sababu, na umwachie mapumziko mafupi ya kukunja. Ukiweza, mfundishe kukaza paja akiwa amelala: asukume goti chini kwenye godoro, ahesabu hadi tano, aachie. Hilo halihitaji mashine wala mtaalamu wa fiziotherapia kuwepo.

Jingine dogo ambalo nimeliona likikosewa karibu kila mahali: mkongojo. Mwenye nyonga au goti bovu la kulia anaushika mkono wa kushoto. Akiushika upande wa ugonjwa anaegemea kule kule kunakouma. Na kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo moja anayopunguza inaliondolea goti takriban kilo nne za mzigo kwa kila hatua. Namba hiyo huwapa watu moyo kuliko mahubiri ya jumla kuhusu kunenepa.

Umesema dawa huandiki. Kweli, lakini ni mkono wako unaozitoa, na hapo ndipo makosa makubwa hukamatwa au hupita. Sindano ya diklofenaki haina nguvu za ajabu kuliko kidonge, japo wagonjwa wanaamini hivyo. Na haiepushi tumbo: vidonda vya tumbo husababishwa na dawa iliyo kwenye damu, iwe iliingia kwa mdomo au kwa tako. Mwenye figo dhaifu, moyo ulioshindwa, historia ya vidonda vya tumbo, au anayetumia dawa ya shinikizo la damu pamoja na ya kukojosha, usimchome kabla hujamuuliza daktari. Kwa goti la osteoathritisi diklofenaki ya kupaka ni chaguo la kwanza zuri, na inaingia kwenye damu kidogo sana.

Methotreksati kwa viungo hutolewa mara moja kwa wiki. Nairudia: kwa wiki. Ikiandikwa au kunakiliwa kimakosa kuwa ya kila siku, inaua uboho wa mifupa, na watu wamekufa hivyo. Andika siku yenyewe kwenye chati, mfano "Jumatatu tu", na uhakikishe mgonjwa anaitaja kwa mdomo wake kabla ya kuruhusiwa. Vidonda mdomoni, michubuko isiyo na sababu, homa, kikohozi kikavu na kuhema ni sababu za kuizuia na kupiga simu. Mwenye methotreksati akiandikiwa antibayotiki ya kotrimoxazoli, simama hapo hapo. Mchanganyiko huo ni hatari. Anayetumia steroidi kwa zaidi ya wiki tatu usiruhusu ikatishwe ghafla eti kwa sababu amelazwa kwa jambo jingine. Na aliyepewa alendronati kwa mifupa dhaifu aimeze tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha akae wima dakika 30. Asiyeweza kukaa asipewe, kwa sababu kidonge kikikwama koo linaungua.

Huo udhaifu wa mifupa, osteoporosisi, hukuuulizia, na ndivyo ulivyo: hauumi. Mifupa hufikia uimara wake wa juu karibu na miaka 30, kisha chembe zinazobomoa huanza kuzishinda zinazojenga, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi kasi huongezeka sana kwa kuwa estrojeni, homoni ya kike iliyokuwa ikizizuia zile zinazobomoa, imeondoka. Kiwango cha kalsiamu kwenye damu hubaki cha kawaida, kwa hiyo kipimo hicho hakikwambii kitu. Dalili ya kwanza ni mvunjiko. Bibi aliyeanguka akitokea msalani, mguu mmoja umekuwa mfupi na wayo umegeukia nje, amevunjika nyonga; anahitaji dawa ya maumivu ya kutosha na upasuaji ndani ya saa 36 hadi 48 inapowezekana. Usidanganywe na anayeweza kusimama, wapo wanaotembea juu ya nyonga iliyovunjika ambayo vipande vyake vimebanana. Wengi hupasuliwa vizuri wakarudi nyumbani bila mtu yeyote kuuliza kwa nini mfupa ulivunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama tu. Uliza wewe, na uandike kwenye karatasi ya ruhusa.

Kwa wenye plasta, au hogo kama wengine mnavyoiita, nina neno moja tu. Maumivu yanayozidi dawa, yanayopaa ukinyoosha vidole vya mguu au mkono wa mgonjwa, ni shinikizo la misuli, yaani uvimbe unaoibana misuli kwa ndani na kuinyima damu, mpaka ithibitike si hilo. Usitafute mapigo ya mshipa ili ujitulize, kwa sababu hupotea mwishoni kabisa, na misuli huanza kufa ndani ya saa sita hivi. Mguu uwe usawa wa moyo, usiuinue juu zaidi, na plasta ipasuliwe pamoja na pamba hadi kwenye ngozi. Bora plasta kumi zilizopasuliwa bure.

Wengine wa kumwita daktari bila kusubiri raundi: mwenye maumivu ya mgongo anayeanza kushindwa kukojoa au kuhisi ganzi sehemu anayokalia, mwenye baridi yabisi ya miaka mingi anayelalamika shingo pamoja na udhaifu wa mikono, ambaye pia anapaswa kutajwa kwa mtoa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji wowote kwa sababu mifupa ya juu ya shingo inaweza kuwa imelegea, mtoto aliyeacha kukanyaga bila kuanguka, na mwenye selimundu mwenye homa na mfupa unaouma sehemu moja. Maumivu ya mgongo ya wiki nyingi yenye jasho la usiku na kukonda hayahitaji mbio za usiku huo, lakini yasitoke wodini bila kifua kikuu cha uti wa mgongo kufikiriwa.